Kujifunza kwa Kuoka Mkate: Swali Kwanza, Tanuri Baadaye

Mzazi anayempeleka mtoto shuleni hutarajia arudi nyumbani na daftari lililojaa hesabu na imla. Itakuwaje basi siku mtoto huyo akirudi na mkate mkononi, unga umemganda kwenye nywele, na anapoulizwa amejifunza nini, akajibu kwamba darasa zima lilishinda likioka? Baadhi ya wazazi hucheka. Wengine hukunja uso na kuuliza kama ada inalipwa ili mtoto afundishwe kazi ambayo bibi yake angemfundisha bure.

Swali hilo huwafikia wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili, walioko nyumbani na walioko ughaibuni. Nchini Ujerumani, shule ya kwanza ya mfumo wa Waldorf ilifunguliwa mjini Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Leo shule za mfumo huo ziko katika nchi nyingi, na Nairobi na Dar es Salaam zimo. Ni desturi katika shule hizo kwa wanafunzi wa darasa la tatu kuifuata ngano tangu shambani mpaka mezani: hupanda, huvuna, hupura, husaga na huoka. Nchini Uingereza, Real Bread Campaign, kampeni iliyoanzishwa mwaka 2008, imezihimiza shule kupanda ngano hata kwenye kipande cha ardhi cha mita moja ya mraba. Nchini Kenya nako, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na jikoni ni mahali pa karibu pa kutenda.

Je, kuna elimu ya kweli ndani ya mkate, au ni mchezo wa mapishi uliovishwa joho la shule? Jibu ni kwamba elimu imo, tena tele, lakini haimo ndani ya tanuri. Imo ndani ya swali linaloulizwa kabla tanuri halijawashwa. Swali likikosekana, kinachobaki ni mkate tu.

Wazo lenyewe si geni. Mwezi Januari mwaka 1896, mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alianzisha shule ndogo ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto wa shule hiyo, wavulana kwa wasichana, walipika, walishona na walifanya useremala. Waliotazama kwa mbali wangeweza kudhani ni shule ya kuandaa wapishi na maseremala. Dewey aliikanusha dhana hiyo katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1899 kwa jina la The School and Society. Kwake yeye, kazi za mikono zilikuwa mlango wa kuingilia katika sayansi, historia na maisha ya jamii.

Katika kitabu hicho kimo kisa kidogo chenye uzito mkubwa. Watoto walikuwa wakifanya majaribio ya mapishi, na mmoja wao akalalamika kwamba kazi yote hiyo ni usumbufu, kwani ni rahisi zaidi kufuata maelekezo ya kitabu cha mapishi. Mwalimu hakumkaripia. Aliwauliza watoto maelekezo hayo ya kitabuni yalitoka wapi. Mazungumzo yaliyofuata yalidhihirisha kwamba anayefuata kitabu peke yake hawezi kuzielewa sababu za anachokifanya. Hapo ndipo unapopita mpaka kati ya kupika na kusoma kwa kupika.

Basi na aingie mwalimu wa hisabati kwanza.

Waokaji mikate wana kanuni yao ya kuhesabu. Uzito wa unga huchukuliwa kuwa 100, na kila kitu kingine hupimwa kwa kulinganishwa nao. Mkate wa kawaida waweza kuhitaji maji asilimia 62, chumvi asilimia 2 na hamira kavu asilimia 1. Ukijumlisha vyote pamoja na unga unapata 165. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba asilimia zote lazima zitimize 100 hushtuka, na mshtuko huo ndio mwanzo wa somo. Asilimia ya nini? Ya donge zima, au ya unga? Mtoto aliyelipata jibu hilo mizani ikiwa mbele yake hadanganyiki kwa urahisi, hata atakapokuwa mtu mzima anayesoma masharti ya mkopo.

Kwa unga wa gramu 1,000, donge huwa na gramu 1,650. Darasa la watoto 33 litaligawana gramu 50 kila mmoja. Je, darasa likiwa na watoto 45? Donge linalotakiwa ni gramu 2,250. Zigawanye kwa 165, kisha zidisha kwa 100, na unga unaohitajika ni takriban gramu 1,364. Chumvi yake ni gramu 27 na ushei. Mtoto atakayeteleza katika nukta ya desimali akatia gramu 273 hahitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ulimi utamsahihisha, na wenzake watashuhudia.

Mkate ukishatoka tanurini hupimwa tena. Donge lililoingia na gramu 1,650 laweza kutoka na gramu 1,450. Gramu 200 zimekwenda wapi? Hakuna aliyemega. Hapo darasa hulazimika kufikiri juu ya maji yaliyogeuka mvuke, na kukokotoa kwamba donge limepoteza asilimia 12 ya uzito wake. Hesabu ambayo kitabuni ingekuwa swali la kumi na saba katika zoezi la nne, hapa imekuwa fumbo linalodai jibu.

Hata vipimo vya wazee vina nafasi yake. Msemo wa haba na haba hujaza kibaba hukaririwa na watoto wengi ambao hawajawahi kukiona kibaba chenyewe. Mwalimu anaweza kuwaeleza kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, kisha awaulize: kwa nini wafanyabiashara walihama kutoka kipimo cha ujazo kwenda kipimo cha uzito? Kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa vikipimwa kwenye mizani, jibu hujitokeza lenyewe.

Mwalimu wa sayansi naye ana hazina yake, nayo inaanzia kwenye hamira. Hamira si dawa ya unga kama wengi wanavyodhani. Ni kuvu wa chembe moja moja, viumbe hai wanaokula sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi pamoja na kileo kidogo. Kwa karne nyingi watu waliiumua mikate yao bila kuijua siri hiyo, mpaka Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha, kuanzia mwaka 1857, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai.

Jaribio la kulithibitisha hilo halihitaji tanuri. Zinatosha bilauri nne. Katika bilauri ya kwanza hutiwa donge lenye unga, maji ya vuguvugu, chumvi na hamira. Katika ya pili, donge kama hilo lisilo na hamira. Katika ya tatu, donge ambalo hamira yake ilitiwa kwanza katika maji yanayochemka. Katika ya nne, donge kamili lililokandwa kwa maji baridi na kuwekwa mahali pa baridi. Kila robo saa watoto huweka alama ya kimo cha donge, kisha huchora grafu. Bilauri ya kwanza hupanda upesi, ya nne hujikongoja, ya pili na ya tatu husimama palepale. Ndipo linapokuja swali zito: ya pili haina hamira, lakini ya tatu inayo. Kwa nini nayo imelala? Mtoto anayejibu kwamba joto limeiua hamira amegundua, bila kuambiwa, kwamba alikuwa akishughulika na kitu chenye uhai.

Kutoka hapo hadi jiografia ni hatua moja. Maandishi yanayosema donge liachwe liumuke kwa saa moja hayajui msomaji yuko wapi. Saa moja ya Muscat mwezi Julai si saa moja ya Stuttgart mwezi Januari. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na gesi iliyomo ndani ya donge hutanuka zaidi kuliko Mombasa. Watoto wa ukoo mmoja waliotawanyika kati ya Pwani ya Afrika Mashariki, Ghuba na Ulaya wanaweza kutumia vipimo vilevile siku ileile na kupelekeana matokeo kwa simu. Tofauti za matokeo yao ni somo la hali ya hewa ambalo shule moja peke yake haiwezi kulitoa.

Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali, na mapishi ya mikate ya Waswahili yenyewe ni maabara. Unga wa ngano una protini ambazo, zikilowa na kukandwa, hufanya utando unaonyumbulika uitwao gluteni. Utando huo ndio unaozuia gesi isitoroke. Mchele hauna gluteni ya namna hiyo. Ndiyo maana mkate wa kumimina, unaotokana na mchele uliorowekwa na kusagwa kwa tui la nazi, haukandwi bali humiminwa kama jina lake lisemavyo, na chombo ndicho kinachoushikilia. Mtama nao hauna gluteni, ndiyo sababu mkate wa mofa wa unga wa mtama haufuri kama boflo. Mabibi walizijua tabia hizo kwa mikono yao. Kazi ya shule ni kuuliza kwa nini, wala si kuwafundisha watoto kuudharau ujuzi wa nyumbani.

Historia ya mkate nayo ni ndefu kuliko kilimo chenyewe. Mwaka 2018 wanaakiolojia walitangaza kwamba mabaki ya mkate yaliyoungua, yaliyopatikana Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Jordan, yana umri wa zaidi ya miaka 14,000, yaani miaka kama 4,000 kabla watu wa eneo hilo hawajaanza kulima. Waliouoka mkate huo walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa nafaka za mwituni. Mtoto aliyewahi kuyakwangua makombo yaliyoungua kwenye sinia ya kuokea ataelewa jinsi kitu kidogo namna ile kinavyoweza kupindua vitabu.

Na mkate haujawahi kuwa mbali na siasa. Nchini Uingereza, sheria ya karne ya 13 iliweka uzito wa mkate kulingana na bei ya ngano. Bei ya mkate haikuguswa. Ngano ilipopanda bei, mkate ulipungua uzito. Huo ni uwiano wa kinyume ambao msikilizaji anaufahamu kila anapogundua kwamba mkate wa dukani umesinyaa ilhali bei ni ileile. Tarehe 5 Oktoba mwaka 1789, wanawake wa Paris waliandamana hadi Versailles wakidai mkate. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano katika soko la dunia ilipaa, na nchi kama Kenya na Tanzania, zinazonunua sehemu kubwa ya ngano yao nje, ziliuhisi uchungu huo. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo liliondolewa mwezi Juni, katikati ya upinzani mkali dhidi ya Mswada wa Fedha, na siku chache baadaye mswada wote ukatupwa. Mwanafunzi aliyeulizwa akokotoe asilimia 16 ya mkate wa shilingi 65 hupata shilingi 10 na senti 40. Aulizwe tena familia inayokula mkate mmoja kila siku ingelipa kiasi gani kwa mwaka. Jibu ni shilingi 3,796, na hapo somo la uraia limekwisha kuanza.

Lugha pia haisahauliki. Katika Kiswahili, ngano ni nafaka, na ngano ni hadithi. Neno hamira linatokana na Kiarabu, na mkate wa ajemi hubeba jina la Uajemi. Zaidi ya msamiati, kuna insha. Mtoto huambiwa aandike maelekezo ya kuoka, kisha mwenzake ayafuate bila kuuliza lolote. Sentensi iliyoandikwa ovyo hutoa mkate wa ovyo. Hakuna mhakiki mkali kuliko huyo.

Hata hivyo, mpenzi msikilizaji, ingekuwa si haki kuusifia mradi huu bila kutaja mahali unapoanguka. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake kuhusu jambo hili. Mwezi Machi mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe pia mashamba na karakana, lakini alisisitiza kwamba kazi hiyo iwe sehemu ya elimu yenyewe, wanafunzi washiriki kupanga, waamue, na wajadili faida na hasara za njia wanazozitumia. Katika shule nyingi, utekelezaji ulikwenda kinyume. Watoto walilima bila kujadili chochote, wakati mwingine kama adhabu, na mavuno hayakuingia katika somo lolote. Jembe lilibaki, swali likapotea. Wazazi waliolikumbuka hilo wana haki ya kuutazama mradi wa mkate kwa jicho la shaka.

Hatari hiyo ingalipo, na ina sura kadhaa. Kuna mwalimu anayekanda mwenyewe huku watoto wakitazama, kwa kuwa anaogopa fujo na uchafu. Kuna darasa ambamo wasichana huoka na wavulana husubiri kula, kana kwamba hesabu ya unga ina jinsia. Kuna mradi unaofanywa ili upigwe picha. Na kuna gharama: nchini Kenya wazazi wengi wamelalamika kwamba vifaa vinavyoagizwa na shule chini ya mtaala wa umilisi vinawalemea. Mtoto anayekosa unga asibaki mlangoni akinusa somo la wenzake.

Malalamiko hayo hayajibiwi kwa kuuacha mradi, bali kwa kuupunguza mpaka kwenye kiini chake. Jaribio la bilauri nne, kila moja ikiwa na unga wa gramu 100, hutumia gramu 400. Pakiti moja ya kilo mbili inatosha makundi matano ya wanafunzi. Pasipo na tanuri, sufuria nzito iliyopaliwa makaa juu ya kifuniko na chini itaoka vizuri, mradi mtu mzima ndiye anayeshughulika na moto. Mikono ioshwe, unga mbichi usilambwe, na mwalimu aulize mapema kama kuna mtoto anayedhurika kwa ngano. Baada ya hapo, kinachohitajika ni daftari, mizani, saa, na mwalimu asiye na haraka ya kutoa jibu.

Mwalimu huyo ndiye mzigo mkubwa zaidi wa kupatikana. Ni rahisi kumwambia mtoto atie maji ya vuguvugu. Ni vigumu kunyamaza anapotia maji ya moto, na kumwacha angoje saa nzima mbele ya donge lisiloamka. Lakini saa hiyo haikupotea. Mtoto ataangalia daftari lake, atalinganisha na la jirani, atasema alichodhani na alichokiona, na mara ya pili atapima joto la maji kabla ya kumimina. Huko kukisia, kujaribu, kuandika na kusahihisha ndiko kunakoitwa elimu katika maabara zote kubwa za dunia.

Linabaki suala la mtihani, ambalo wazazi wengi hulihofia. Shule inayooka mkate itoe alama kwa kipi? Ikitoa alama kwa mkate mzuri, itawazawadia waliosaidiwa na mama nyumbani, au wenye tanuri bora. Ikitoa alama kwa maelezo, basi mwanafunzi aliyeleta mkate mzito kama tofali, akaeleza barabara kwa nini haukuumuka na angefanya nini kuurekebisha, atamzidi aliyeleta mkate uliofura ambaye hajui umefuraje. Mwalimu anayethubutu kuitoa alama hiyo, na mzazi anayeikubali, wote wawili watakuwa wameielewa kazi ya shule.